Prodyuza anataka nusu ya albamu nzima na nyimbo nimetunga mwenyewe, nikubali au nijichange nilipe?

Binti wa Nyuzi Sita

Habari zenu wakuu, poleni na mihangaiko. Naombeni ushauri maana kichwa kinauma na huku nilipo kila ninaemuuliza ana maslahi yake kwenye hili jambo.

Mimi ni mwimbaji, natunga mwenyewe na napiga gitaa kavu. Nipo Mwanza, wikiendi napiga kwenye hoteli moja hapa mjini, wateja wanataka nyimbo wanazozijua basi nawapa, katikati nachomekea za kwangu mbili tatu na nimeona zinashika, maana kuna meza wakija tena wananiomba zile zile na wala hawajui zinaitwaje, wanasema tu "dada tupigie ule wa mama na mtumbwi". Kwaiyo nimeamua nitoe albamu, nyimbo 10, zote ziko tayari maneno na melodi na kodi zake za gitaa, nimejirekodi kwenye simu.

Kuna prodyuza yuko Dar nimeunganishwa nae na rafiki. Kazi zake nazikubali, ana sikio, na sitaki kumvunjia heshima ndo maana simtaji. Tumeongea vizuri tu kwa simu, nikamtumia nyimbo kadhaa Whatsapp. Shida imeanza aliponirudishia mmoja kashauwekea biti. Ni wimbo wa taratibu, niliutunga bibi yangu alipofariki, yeye kaupandisha spidi kaweka zile ngoma za amapiano chini, gitaa langu linasikika kwa mbaaali kama redio ya jirani. Nikimwambia mbona umekuwa wa kuchezeka ananijibu dada bila hivyo hakuna redio itakayoupiga.

La pili ni hela. Kanipa njia mbili. Ya kwanza nimlipe laki 3 kila wimbo, miksi na mastaringi (ile kuipiga rekodi msasa wa mwisho) humo humo, jumla mil 3 ambayo sina, labda niuze pikipiki ya mdogo wangu. Ya pili nisitoe hata shilingi ila yeye achukue 50% ya kila kitu milele, nyimbo apandishe yeye kwa akaunti yake, na aandikwe mtunzi mwenza kwenye zote 10. Anasema ndo utaratibu wa mjini na wote wanafanya hivyo.

Asa wakuu, hiyo 50% ni halali kweli? Na nitamwambiaje kuhusu gitaa langu bila kuonekana mshamba wa mkoani anaebishana na mtaalamu? Na jingine, anataka nirekodi nikisikiliza klik, ule mlio wa kuhesabu mapigo, kwenye hedifoni, mimi sijazoea, nikijaribu nyumbani na ya kwenye simu naimba kama nakimbizwa. Asanteni.

Mgonga Biti

Dada pole, ila ngoja nikupe upande wa pili maana humu kila uzi wa prodyuza sisi ndo wezi.

Mimi nina studio. Laki 3 na miksi na mastaringi ndani ni bei ya kawaida kabisa, wala hajakupiga. Watu mnaona mtu kakaa kwenye kiti anabonyeza mnadhani ni mchezo, kuna luku, kuna kodi ya chumba, kuna kompyuta ikifa ndo basi tena, kuna kukaa usiku unahariri sauti ya mtu neno kwa neno, halafu miksi ukimtumia anakwambia punguza besi, ukipunguza anasema ongeza, ukiongeza anasema nirudishie ile ya kwanza. Anaekubali kufanya nyimbo 10 bila kushika hela ya mtu maana yake amekukopesha mil 3 na hajui kama itarudi, na kwa uzoefu wangu nyingi hazirudi. Kwaiyo hiyo 50 msiite uroho.

Na kwenye amapiano jamaa anakupenda tu. DJ gani anapiga gitaa na sauti? Niambie jina.

Mzee Karatasi

Mgonga Biti hajakosea kwenye gharama, ila amechanganya vitu viwili na huyo prodyuza wa dada amevichanganya hivyo hivyo, na hapo ndipo wasanii wetu wanaliwa miaka yote.

Binti, wimbo wako una mafungu mawili tofauti. Fungu la kwanza ni utunzi, yaani maneno na melodi. Hilo lilishakuwepo siku ulipojirekodi kwenye simu hapo Mwanza, kabla hujamjua huyo bwana. Fungu la pili ni rekodi yenyewe, ile inayoitwa masta, ambayo haijazaliwa bado na atakaeizaa ni nyinyi wawili, wewe kwa sauti na gitaa, yeye kwa mitambo na jasho. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inavilinda vyote ila kila kimoja kwa njia yake, mtunzi ana hakimiliki, muimbaji na aliyetengeneza rekodi wana hakishiriki. Sasa mtu anaposema "50 ya kila kitu" muulize kila kitu kipi? Nusu ya mapato ya masta kwa mtu aliyegharamia rekodi yote sio maajabu, watu wanakubaliana hivyo sehemu nyingi duniani. Lakini kuandikwa mtunzi mwenza kwenye wimbo wa bibi yako ambao hata hakuwepo ukitungwa, hiyo hapana kabisa.

Na hiyo "milele" usiichukulie poa. Kwa sheria ya Tanzania utunzi unalindwa maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Kwaiyo anachokuomba ni wajukuu zako waje wagawane na wajukuu zake.

Nikupe mfano unaoeleweka. Tracy Chapman mnamjua wote, dada na gitaa lake, albamu yake ya kwanza ilitoka 1988, prodyuza alikuwa David Kershenbaum, fundi mzito tu. Lakini nyimbo zile mtunzi ni Tracy peke yake. Imekaa weee, 2023 akaja mzungu wa kantri anaitwa Luke Combs akaurudia "Fast Car" neno kwa neno, ukapanda mpaka namba 2 kwenye chati kubwa ya Marekani, na mwaka huo huo Tracy akapewa tuzo ya wimbo bora ya chama cha muziki wa kantri, CMA, mtu mweusi wa kwanza kuipata, bila kuimba tena hata mstari mmoja. Ile rekodi ya 1988 haikutumika, kilichotumika ni utunzi. Angekuwa amegawa nusu ya utunzi mwaka ule kwa sababu alikuwa hana hela ya studio, leo hiyo nusu ingekuwa inaenda wapi?

Tena sisemi prodyuza hawezi kuwa mtunzi. Kwenye bongo fleva na hip hop mtu anakuja na daftari la mashairi tu, biti yote na kinanda kinachobeba kolasi ni vya prodyuza, pale anastahili fungu la utunzi na wala asiombe. Ila wewe umekwenda na kodi zako za gitaa na melodi yako. Akibadilisha kiitikio au akakutungia kipande cha katikati kikabaki, mkae mpeane asilimia kwa wimbo huo tu. Wimbo kwa wimbo, sio kumi zote kwa jumla.

La akaunti nitalisema kifupi. Anaeshika akaunti ndie anaeshika hela na ndie anaeona takwimu. Fungua yako, halafu huduma nyingi za kusambaza zinakuruhusu kumwekea mwenzio asilimia yake ikaenda moja kwa moja, hakuna haja ya kusubiriana wala kutumiana skrinshoti.

Dogo Mkweli

Kuna mtu anasikiliza albamu siku hizi?? Toa singo moja moja. Spotify tangu 2024 wimbo usipofikisha strimu 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi kitu, asa nyimbo 10 kwa msanii hatumjui, mbili zitafika nane zitabaki pambo. Afu mdogo wako muache na pikipiki yake 😂

Fundi Mitambo

Mzee Karatasi kamaliza ya makaratasi, mimi nije kwenye sauti maana ndo kazi yangu na naona hapo dada ana hofu zaidi kuliko kwenye hela.

Kwanza wewe sio mshamba. Prodyuza wa muimbaji mwenye gitaa kazi yake kubwa ni kujua nini asiweke. Rick Rubin ni mtu wa hip hop kabisa, ndie aliyeanzisha kampuni ya rekodi ya Def Jam na Russell Simmons miaka ya 80, amegonga biti za LL Cool J na Beastie Boys. Mtu huyo huyo 1994 akamchukua Johnny Cash, mzee wa kantri ambaye kampuni zilikuwa zishamchoka, akamkalisha sebuleni kwake na gitaa, nyingine wakarekodi kwenye kibanda cha mzee huko Tennessee, na albamu ikatoka hivyo hivyo sauti na gitaa basi, ikachukua Grammy. Kwaiyo ukiambiwa mtu wa biti hawezi kuacha wimbo uchi, anaweza, akiamua. Na kwenye ile ya Tracy Chapman wapo mpiga besi na mpiga dramu, Larry Klein na Denny Fongheiser, ila sikiliza wanaingia wapi na wananyamaza wapi, sauti na gitaa havisogezwi hata kidogo.

Cha kufanya usibishane nae kwa maneno. Mpelekee mifano. Chagua nyimbo tatu za watu wengine unazopenda gitaa lilivyokaa, mwambie nataka gitaa liwe mbele hivi, ngoma ziwe nyuma hivi. Mafundi tunaelewa kwa masikio. Halafu gaweni albamu, labda nyimbo tatu zinazobeba mdundo aziwekee mkono wake wote maana na yeye ni msanii mpe nafasi, zingine saba ziwe zako na gitaa na vikorombwezo vichache, besi, labda zeze au kayamba. Ule wa bibi usiguswe. Mwambie kabisa huo haujadiliwi.

Klik sasa. Usiiogope ila pia usiabudu. Nyimbo zitakazoingia ngoma za kompyuta lazima klik, la sivyo atakesha anavuta vuta mawimbi ya sauti na wewe utalaumu miksi. Nyimbo za taratibu piga bila klik, wimbo upumue, unavyovuta pumzi kabla ya ubeti wa mwisho ndo wimbo wenyewe huo. Nyumbani fanya mazoezi hivi, ile milio ya ti ti ti ya simu iache, tafuta mlio wa kayamba au shekere kwenye spidi ile ile, utashangaa mwili unavyokubali, maana ile milio ya kompyuta inamkera kila mtu.

Gitaa likirekodiwa maiki isitazame tundu, ukitazamisha tundu unapata mvumo mzito unaofunika sauti yako yote. Ielekee pale shingo inapokutana na bodi, usawa wa freti ya 12, umbali kama shubiri moja hivi, halafu asogeze kidogo kidogo huku anasikiliza, sentimita tano tu zinabadilisha kila kitu. Nyuzi badilisha siku moja au mbili kabla, sio asubuhi ya kurekodi, nyuzi mpya kabisa zinakimbia tuni. Kila mkimaliza kupiga mara moja tuni tena. Bangili vua, saa vua, shati lenye vifungo linagonga mgongo wa gitaa na utakuja kulisikia kwenye hedifoni wakati mshamaliza. Feni zima. Friji la studio, na lenyewe lizimwe, ila muweke alama mlangoni mkumbuke kuliwasha maana nimeona samaki wa watu wakioza.

Na kama utaweza rekodi sauti na gitaa kwa pamoja angalau mara chache kila wimbo. Sauti itaingia kwenye maiki ya gitaa, ndio, na kurekebisha neno moja itakuwa ngumu. Ila uliyoizoea hotelini ni kuimba huku unapiga, ukitenganisha unaweza kukuta unaimba vizuri na hakuna kinachogusa.

nyatiti_254

Naingilia kutoka Kisumu. Dada usiskize hao wa "DJ hatapiga". Kuna pesa ingine haipitii kwa DJ kabisa. Ayub Ogada wetu, mtu na nyatiti yake (ala ya nyuzi ya Waluo) na sauti, albamu yake ilitoka 1993 kwa Real World, kampuni ya rekodi ya Peter Gabriel, ngoma tulivu kabisa, hakuna club ingecheza hiyo kitu. 2005 wimbo wake "Kothbiro" ukaingia kwa filamu ya The Constant Gardener, ile ilishutiwa Kenya. Watu wa filamu wanatafuta nini? Sauti, ala moja, nafasi ya maneno ya waigizaji kupita. Wakitaka wimbo wanahitaji ruhusa mbili, ya mtunzi na ya mwenye masta, na kama mtunzi mwenza hapatikani kwa simu ama mmekosana, wanaenda kwa wimbo mwingine, hawana time ya kesi zenu. Ndio maana hiyo mambo ya kuandika jina la prodyuza kwa kila wimbo ni hatari hata kama haibi.

Pia itisha faili zote. Sio mp3 ya kutumiwa WhatsApp! WAV (faili la ubora kamili), biti 24, na stemu, yaani gitaa peke yake, sauti peke yake, ngoma peke yake, pamoja na ile isiyo na sauti, ya kuimbia juu yake kwa TV. Weka kwa hard disk yako na kwa ya mtu mwingine unaemwamini. Studio huungua, huibiwa, ama prodyuza anahamia Dubai.

Mgonga Biti

Haya nimesoma yote. Kwenye utunzi naungana na mzee, kuandikwa kwenye zote 10 jamaa amezidisha, hata mimi sifanyi. Ila mnamfundisha dada adai kila kitu, faili zote, akaunti yake, utunzi wake, halafu prodyuza abaki na nini, shukrani? Semeni mnampa shilingi ngapi.

Mzee Karatasi

Swali zuri hilo. Huko Marekani prodyuza kwa kawaida anapewa malipo ya kazi na juu yake pointi, yani 3 mpaka 5 kwenye mia ya mapato ya masta. Wapo walioikataa hata hiyo. Steve Albini, aliyerekodi albamu ya Nirvana ya 1993, aliwaandikia barua kwamba hataki pointi hata moja, anataka alipwe kama fundi bomba, amefanya kazi apewe chake aende, akachukua dola laki moja na ikaishia hapo. Yeye alisema kuendelea kula kwenye jasho la bendi baada ya kazi kuisha ni kukosa maadili.

Mgonga Biti

Mzee dola laki moja hata mimi sitaki pointi 😂😂 nipe hata elfu moja nikuandikie barua leo leo.

Mzee Karatasi

Hahaha sawa. Basi kwa hali yetu mimi ningependekeza wakutane katikati. Dada alipe kidogo mwanzo, hata laki moja kwa wimbo ambayo inaweza kulipwa nyimbo mbili mbili kadiri wanavyorekodi, na kwa kuwa amepunguziwa bei prodyuza apate fungu kwenye masta, sio 50, tuseme 20 au 25. Na kama hawezi kulipa chochote, basi hiyo 50 ya masta iwe mpaka mil 3 yake irudi, ikirudi ishuke. Utunzi sifuri labda wimbo ambao kweli ametunga kitu. Yote kwenye karatasi, sahihi mbili, tarehe, na orodha ya nyimbo kwa majina, maana mkataba ukisema "nyimbo za msanii" bila kuzitaja, mwaka kesho utakuta hata za albamu ya pili zimo.

Na kabla hujapanda basi la Dar, zile rekodi za simu zenye nyimbo kumi zitume kwenye barua pepe yako mwenyewe, andika maneno yote, uende kusajili COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, kwa jina lako. Hakimiliki unayo hata usiposajili, lakini siku ya ubishi karatasi yenye tarehe inasaidia kuliko kulia. BASATA, yaani Baraza la Sanaa, na penyewe jisajili kama hujafanya.

Kasuku wa Zamani

Naongeza kidogo tu kwa vijana. Enzi za Radio Tanzania bendi zilikuwa zinaingia studio wote kwa pamoja, magitaa, tarumbeta, waimbaji, mkikosea mnaanza upya wote. Na kanda zikibaki, zinabaki maktaba ya redio. Ndo maana leo familia za wanamuziki wengi wakubwa hazina hata nakala moja nzuri ya kazi ya baba yao, wanazisikia hewani kama sisi. Kwaiyo hilo la faili alilosema wa Kisumu msilipite haraka haraka.

Albamu ifanye, Dogo Mkweli asikukatishe tamaa. Wewe unapiga hotelini mbele ya wageni, mtu akikupenda anakuuliza una kazi yako nikaisikilize? Humpi singo. Unampa albamu, hata kwenye flashi, analipa palepale. Hizo za strimu zije baadae.

Dogo Mkweli

Mzee flashi mwaka huu? Simu gani ina tundu la flashi.

Kasuku wa Zamani

Gari la mtalii lina tundu la flashi, anaenda Serengeti saa kadhaa barabarani anasikiliza nini?

Dogo Mkweli

Dah. Hapo sina jibu.

Binti wa Nyuzi Sita

Wakuu nimerudi, asanteni sana, nimesoma kila kitu mara mbili na nimenakili vitu kwenye daftari.

Nimempigia juzi jioni. Nilianza na muziki kama Fundi Mitambo alivyosema, nikamtumia nyimbo tatu za mifano, akanyamaza siku nzima nikajua kashakasirika, kumbe alikuwa anasikiliza. Amesema nyimbo saba tufanye gitaa mbele na ana rafiki yake anapiga zeze vizuri, na ule wa bibi ameniomba msamaha kabisa, kasema hakujua ni wa msiba alidhani ni wa mapenzi (jamani maneno yote yale). Tatu atazipika anavyotaka yeye na nimekubali, tena moja nimemuambia hata amapiano weka tu.

Kwenye hela kavutana kidogo. Utunzi ameacha, ila kuna wimbo mmoja amenipa wazo la kubadilisha kiitikio na kwa kweli ni kizuri kuliko changu, huo tumekubaliana 15. Masta alikuwa anataka 40, tumeishia 30 na mimi nalipa laki moja kwa wimbo, mbili mbili. Akaunti yangu. Kilichokwama ni faili za stemu, hataki kabisa kuzitoa, anasema ni siri zake za miksi na kuna mtu aliwahi kumpa akaenda kumpa prodyuza mwingine akazichezea. Atanipa WAV na ile ya bila sauti tu. Hapo nimuache au nimbane?

Fundi Mitambo

Mbane kiungwana. Siri za miksi anazo kweli na ni haki yake, kwaiyo usimuombe prodyekti yake yenye mitambo yote. Muombe sauti mbichi, zile zilizorekodiwa kabla hajaziwekea chochote, gitaa lako na sauti yako vikiwa vikavu. Hapo hakuna siri yake hata moja, ni wewe tupu. Wengi wakielezwa hivyo wanatoa. Na iandikwe kwenye mkataba kwamba zinatolewa siku wimbo unapokamilika malipo yake, sio mwisho wa albamu.

Mgonga Biti

Hiyo ni sawa, hata mimi ningetoa. Na muulize swali moja ambalo hakuna aliyelisema humu, zile nyimbo tatu anazopika yeye lupu, yaani vile vipande vya mdundo vinavyojirudia, anatoa wapi. Kama amechukua lupu ya mtandaoni ambayo na wengine elfu moja wameichukua, siku unapandisha YouTube unaletewa dai la hakimiliki na mtu wa Brazil huko na hela ya wimbo inazuiwa. Mwambie apige mwenyewe au akuonyeshe leseni.

Binti wa Nyuzi Sita

Sikulijua hilo kabisa. Namuuliza leo. Mkataba akinitumia naficha majina nauweka hapa muupitie kabla sijasaini, Mzee Karatasi usipotee.

Mzee Karatasi

Nipo. Uweke wote, usikate ukurasa wa mwisho, vipengele vya ajabu vinakaa huko.